Nimehami kuta za mawe dhidi ya baridi bila kugusa plasta ya zamani: nyota nne

Nyumba yangu ina kuta nene za mawe, na kwa ndani kuna plasta ya chokaa iliyoshikiliwa na papi nyembamba za mbao. Kubandika mbao za kuhami joto juu yake kungezika nakshi za ukingo wa dari na kumeza fremu za madirisha. Hilo sikulitaka kabisa. Nikachukua huduma ya kupuliza nyuzi za karatasi kuukuu, zilizotiwa chumvi za boroni kuzuia moto na wadudu, katika uwazi ulio kati ya mawe na papi.

Sifa kubwa naitoa kwa ukaguzi. Mafundi walipitisha kamera nyembamba kuona upana wa uwazi, na kama plasta bado imeng'ang'ania papi. Kisha wakagoma kuanza mpaka gata linalovuja litengenezwe, na saruji iliyojazwa kwa nje kwenye maungio ya mawe ikwanguliwe, pawekwe chokaa. Gharama ilipanda, ila hoja yao ni nzito: ukuta wa namna hii hunyonya maji na kuyatoa, na ukizuia joto la ndani lisiufikie, unakaa baridi na kukauka taratibu. Maji yakiendelea kuingia, vichwa vya boriti vilivyozama ukutani huanza kuoza na wewe huoni. Kwa sababu hiyohiyo, ukuta unaopigwa na mvua waliuacha mtupu. Kampuni ngapi zingekataa kazi ya kulipwa?

Upulizaji wenyewe ulipitia darini na nyuma ya ubao wa chini ya ukuta, kwa mgandamizo mdogo, maana plasta kuukuu ikisukumwa kwa nguvu hubanduka kwenye papi. Hakuna ufa mpya. Vumbi lilikuwepo, tena jingi.

Matokeo? Kuta hazitoi tena ule ubaridi wa kuufanya mwili usisimke ukikaa karibu. Ila msidanganywe na vipeperushi. Penye uwazi wa milimita 40, joto linalopotea ukutani hupungua karibu nusu; penye milimita 20, ni kama robo tu. Kwenye mbavu za madirisha, yaani kuta za pembeni mwa tundu la dirisha, hakuna uwazi wowote, kwa hiyo pale pamebaki baridi vilevile, na ndipo ninapopachunguza nisije nikakuta ukungu. Kama dari lako bado halijahamiwa, anzia huko, ni rahisi na unapata zaidi kwa pesa ileile.

Povu la kuhami, lile linalopulizwa kisha likaganda, nililikataa mapema: baadhi yake huziba mvuke, na likishashika plasta huwezi kulitoa bila kuivunja.

Nyota moja nimeikata kwa sababu vipima unyevu vya kuweka karibu na vichwa vya boriti vinatozwa pembeni. Kwa kazi ya kujaza ukuta usioonekana ndani, vilipaswa kuwa sehemu ya bei.