Fundi Aliyekataa Kufomati: Duka la Tarakilishi Kando ya Barabara ya Oginga Odinga, Kisumu

Mimi huandaa vijitabu vya mazishi mjini Kisumu, na kwa kuwa familia nyingi huku kwetu huzika Ijumaa au Jumamosi, Jumatano ndiyo siku ambayo siwezi kukaa bila kipakatalishi. Jumatano iliyopita umeme ulikatika sasisho la Windows likiwa limefika katikati, na betri yangu, ambayo nimekuwa nikiahirisha kuibadilisha tangu mwaka jana, haikudumu hata dakika moja. Nilipoiwasha tena, nilikuta skrini ya samawati ya BitLocker, kinga ya Windows inayoifunga diski, ikinidai ufunguo wa tarakimu 48 ambao sikuwahi kuuona maishani. Ndani ya diski hiyo mlikuwa na wasifu wa marehemu mzee mmoja wa Ahero, picha zake, na orodha ya wajukuu ambayo familia ilikuwa imekwisha kuisahihisha mara nne.

Duka la kwanza nililoingia, ambalo sitalitaja, liliniambia papo hapo kwamba dawa ni kufomati, yaani kuifuta diski yote, kwa shilingi 2,500, kisha faili "zitarudishwa baadaye kwa programu". Huo ni uongo wa hatari. Data iliyofungwa na BitLocker imesimbwa, yaani haisomeki bila ufunguo, na ukifomati diski unaweza kupoteza hata zile taarifa ambazo ufunguo wenyewe huzitegemea, kwa hivyo programu ya kurejesha faili itabaki kuokota vipande visivyosomeka. Nilitoka humo na mkoba wangu, nikaelekezwa kwenye duka ninalolisimulia hapa, chumba kidogo cha ghorofani kando ya Barabara ya Oginga Odinga.

Fundi hakugusa kibonye hata kimoja. Aliuliza tu, "Mama, siku ya kwanza kuiwasha hii mashine, barua pepe iliyoandikwa ilikuwa ya nani?" Swali hilo ndilo lililostahili malipo yote. Vipakatalishi vingi vya siku hizi huanza kuifunga diski vyenyewe mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo huhifadhiwa ndani ya akaunti hiyo bila mwenye mashine kutambua. Iwapo haukuhifadhiwa popote, hata Microsoft haiwezi kukutengenezea mwingine. Yangu ilikuwa imetayarishwa na mpwa wangu anayesoma Maseno, kwa barua pepe yake. Alikuwa darasani, basi nikasubiri karibu saa nzima kwenye benchi la pekee lililomo, nikiwa nimebanana na watu waliokuja kutengenezewa simu.

Mpwa alipopiga simu, alikuta funguo mbili katika akaunti yake, na fundi akamwambia achague ile ambayo herufi nane za kwanza za kitambulisho chake zilifanana na zilizokuwa kwenye skrini yangu. Ufunguo huja katika mafungu manane ya tarakimu sita. Tulipofika fungu la tano, skrini ilikataa. Fundi alichukua simu yake, akagawanya namba ile kwa 11, ikatoa desimali, akasema, "Kuna moja umesikia vibaya, Mama, kwa sababu kila fungu lazima ligawanyike kwa 11 bila baki." Kumbe "sita" nilikuwa nimeisikia "saba".

Diski ilipofunguka hakunikabidhi mashine mara moja. Kwanza alinakili faili zangu kwenye flashi, kisha akasimamisha ulinzi kwa muda, akaliacha sasisho likamilike kwenye umeme wenye betri ya akiba, ndipo akaurudisha ulinzi. Alinieleza kwamba kichipu cha usalama kilichomo ndani ya mashine, kiitwacho TPM, hulinganisha jinsi mashine inavyowaka na hali kilichokuwa kimeikariri, na kikikuta tofauti hukataa kuufungua mlango. Hata pasipo umeme kukatika jambo hili hutokea: sasisho la Windows la Julai 2024 lilileta skrini hiyo hiyo kwa watu wa nchi nyingi, likarekebishwa Agosti.

Ninayo malalamiko mawili. Bei, shilingi 1,500, niliambiwa baada ya kazi kwisha, na risiti iliandikwa nyuma ya kipande cha kalenda. La pili ni zito zaidi: karatasi yenye tarakimu zangu zote 48 ilibaki wazi kaunta, karibu na mikono ya kila aliyekuwa akilipa, hadi nilipoiomba mwenyewe. Mtu aliye mwangalifu hivyo na diski angepaswa kuwa mwangalifu na karatasi pia.

Anayetaka kwenda ajue kwamba duka hufungwa Jumamosi, kwa kuwa mwenyewe ni Msabato, na kwamba ngazi zake ni za giza. Vijitabu vya Ahero vilitoka Alhamisi jioni. Nitarudi kwake kubadilisha betri, ila safari hii nitauliza bei kabla ya kuketi.