Mgogoro wa franchaizi: usuluhishi Johannesburg au Mwanza?

Duka lako la kuku liko Nyegezi, jina ni la kampuni ya Afrika Kusini inayokuruhusu kulitumia (ndiyo franchaizi), na kifungu cha mwisho cha mkataba wenu kinataka sheria ya kwao na usuluhishi Johannesburg, yaani mgogoro uamuliwe na wasuluhishi badala ya mahakama. Usikiruke. Utalipa nauli, hoteli, wakili wa huko na ada ya wasuluhishi, hata kama deni lenyewe ni dogo. Na usidhani uamuzi utabaki hukohuko: Tanzania imo tangu 1964 kwenye Mkataba wa New York, wa kimataifa wa kutambua na kutekeleza maamuzi ya usuluhishi ya nchi nyingine, kwa hiyo Mahakama Kuu inaweza kuutekeleza hapa.

Usuluhishi Mwanza, chini ya Sheria ya Usuluhishi ya 2020, unakuacha karibu na mashahidi wako. Wakishikilia sheria yao, waachie. Mahali pa kusikilizia ndipo pa kupigania.