PCR (kipimo cha kutafuta DNA ya bakteria) ama kipimo cha kingamwili, gani afadhali kwa homa ya kupe?
Wasee wa maabara hapa Nairobi, mtu akitoka Mara ama Kajiado na homa, kichwa kinamgonga, malaria iko negativu, wengi wanarukia taifodi na rickettsia, bakteria wa homa ya kupe, hata haiulizwi, inauma sana.

Mimi niko upande wa PCR, lakini sampuli ndio kila kitu. Hawa bakteria wanaishi ndani ya seli za ukuta wa mishipa ya damu so kwa damu yenyewe huwa wachache, unaeza pata negativu na mtu ni mgonjwa kabisa. Angalia ngozi kwanza, kwapani, kinenani, nyuma ya goti, ukipata kale kakidonda kenye ganda jeusi sugua swabu chini ya ganda, hapo ndio DNA iko.

Kingamwili zinachelewa, wiki ya kwanza mara nyingi hakuna kitu, inabidi utoe damu tena baada ya wiki 2 hadi 4 uone kama zimepanda mara 4, na bado ni ngumu kujua ni Rickettsia africae ama Rickettsia conorii, aina mbili za hawa bakteria. Kwa utafiti wa nani alishaambukizwa kitambo, hapo ni poa kabisa. Weil-Felix, kile kipimo cha kitambo cha kingamwili, achana nayo. Alafu daktari asingoje majibu yoyote, dawa ya antibiotiki, doksisaiklini, ianze.