AMS1117-3.3: kwenye adapta safi, kwenye betri usiiweke

Wakuu, mimi natengeneza bodi ndogo za kupima maji kwenye tenki, natumia ESP32, chipu ya kuendeshea bodi yenye Wi-Fi ndani, na miaka yote regulata yangu, yaani ya kushusha volti, ilikuwa hii AMS1117-3.3, kile kidude cheusi cha miguu mitatu chenye ulimi mpana upande wa pili, maana kila duka la spea kipo na bei yake haiumi.

Kwenye adapta ya simu sina malalamiko. Zinaingia volti 5 zinatoka 3.3, uwezo wake unafika ampea 1, Wi-Fi ikivuta umeme ghafla bodi haizimi, ila kapasita ya kutokea usiibanie, mimi naweka tantalamu ya mikrofaradi 22 jirani kabisa na mguu. Kuchomea rahisi, mguu na mguu zimeachana milimita 2.3 kwahiyo huhitaji bloa ya hewa moto, shika mguu mmoja kwanza ikae sawa, ulimi mwishoni kwasababu unakunywa joto sana, subiri mpaka uone risasi imetambaa pembeni yote inang'aa.

Sasa huo ulimi ndo ulinitia hasara. Wa 7805, ile regulata ya volti 5, ni graundi (hasi), nikajua na huu hivyohivyo, nikauchora kwenye graundi nikaagiza bodi 10. Ya kwanza kuwasha tu, taa haiwaki na regulata inaunguza kidole, naweka mita inalia piii, shoti. Kumbe ulimi umeungana na mguu wa kati, ndo njia ya kutokea 3.3! Nilikata kopa kwa wembe kuzunguka ulimi bodi zote 10, usiku mzima. Datashiti imeandika wazi kabisa, someni jamani kabla ya kuagiza.

Volti 12 pia sishauri, ukivuta miliampea 200 ni wati 1.7 zinageuka joto tupu kwenye kidude saizi ya punje ya hindi.

Ila betri ndo kabisa. Regulata yenyewe inakula kama miliampea 5 hata ESP32 ikiwa imelala usingizi mzito, ambapo ESP32 inakula mikroampea 10 hivi tu, yaani kwa siku miliampea-saa 120 zimepotea bure, betri ya 2500 haimalizi mwezi na hujatuma hata data. Halafu inataka pengo la volti 1.1 hivi kati ya kuingia na kutoka ikiwa na mzigo, lithiamu iliyojaa ni 4.2, toa hapo unabaki na 3.1, chini ya 3.3 unayotaka, na hiyo ni betri imejaa!

Za betri sasa naweka regulata nyingine, ME6211, ndogo zaidi, miguu mitano, miliampea 500, yenyewe inakula mikroampea 40 tu. Mwisho wake wa kuingiza ni volti 6 lakini, kwahiyo msije mkaiunga kwenye sola moja kwa moja.