Kipima Ulevi cha Mfukoni: Chafaa Asubuhi, Kituoni Hakifai

Vipima ulevi vinavyouzwa madukani Nairobi na mitandaoni ni vya aina mbili, na mara nyingi hata muuzaji hajui vinatofautiana wapi. Kile cha chini ya shilingi 3,000, kidogo kama kishikio cha funguo, chenye taa ya kijani na nyekundu, hutumia sensa ya semikondakta. Kile kinachovuka shilingi 10,000 kwa kawaida hutumia fyueli seli. Cha kwanza hata ukipewa bure, kiache.

Sensa ya semikondakta ni kijipande cha oksidi ya bati kinachopashwa moto. Mvuke ukikipitia, umeme wake hubadilika, na hapo ndipo taabu inapoanzia, kwa sababu hakichagui mvuke. Pombe hukigusa, lakini hata moshi wa sigara, mvuke wa petroli na asetoni iliyo katika pumzi ya mgonjwa wa kisukari au ya mtu aliyeshinda bila kula. Puliza ukiwa kwenye kituo cha mafuta, nacho kitakuhesabia bia usizokunywa. Kibaya zaidi, sensa hiyo huyumba kimyakimya kadiri miezi inavyopita. Dereva anaona taa ya kijani, anawasha gari, kumbe kifaa kilikwisha kufa zamani.

Fyueli seli hufanya kazi kwa njia nyingine. Ndani yake kuna vipande viwili vya platini. Pombe ikifika hapo hugeuka kuwa asidi ile ile iliyomo kwenye siki, na katika kugeuka huko umeme kidogo huzalika. Kifaa hupima umeme huo. Asetoni haiipotoshi, na ndiyo maana vifaa vingi vya polisi vyenye kutoa namba hutumia sensa ya aina hii. Nayo ina udhaifu wake: joto la dashibodi juani huiharibu, ubaridi huichelewesha, na hata ikitunzwa vizuri inahitaji kupimwa upya usahihi wake kila baada ya miezi 6 hadi 12.

Wengi huumizwa na kipimo kilichoandikwa kwenye kioo. Kenya, kiwango kilichowekwa na Kanuni za Kipima Pumzi za 2011 ni mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi, sawa na miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Kifaa kilichotengenezewa soko la Uingereza ni rahisi kukisoma, kwa sababu kiwango cha England ni hiyo hiyo 35. Kingine huonyesha miligramu kwa lita, na hapo mpaka ni 0.35. Vya Marekani, kama BACtrack S80, huonyesha asilimia ya pombe kwenye damu, mpaka ukiwa 0.08. Mtu asiyesoma herufi ndogo pembeni ya namba anaweza kuona 0.07 kwenye kifaa cha miligramu kwa lita akadhani amekaribia ukingo, kumbe yuko mbali nao.

Wamarekani pia hubadili namba ya pumzi kuwa ya damu kwa kuzidisha mara 2,100. Waingereza huzidisha mara 2,300. Tofauti ni ndogo, ila ina meno. Kifaa cha Kimarekani kikisoma 0.075, mwenyewe anajiona yuko chini ya 0.08. Pumzi hiyo hiyo kwa hesabu ya Kenya ni mikrogramu 35.7. Amepita. Kwa kifaa cha namna hiyo, uhesabu mpaka wako kuwa 0.073, wala usiusogelee.

Namna ya kupuliza nayo huharibu majibu. Subiri dakika 15 hadi 20 tangu funda la mwisho, maana pombe iliyobaki mdomoni hupandisha namba ajabu. Kusukutua maji hakutoshi. Dawa ya kusukutua yenye pombe hufanya vivyo hivyo, na kucheua hurudisha mvuke wa tumboni mdomoni. Puliza kwa nguvu ile ile kwa sekunde kama tano, hewa ya chini ya mapafu ifike. Ukibana pumzi kwanza, namba hupanda; ukihema harakaharaka, hushuka. Wapo wanaohema makusudi, sijui wanamdanganya nani.

Kupima ukiwa bado baa karibu hakuna maana. Pombe hufika kileleni kati ya nusu saa na saa moja na nusu baada ya kunywa, kwa hiyo namba ya mezani ni ya kupanda. Kifaa hiki hurudisha pesa yake asubuhi. Chukua chupa ya nusu lita ya Tusker, asilimia 4.2: ina gramu 16 na ushei za pombe. Kwa mwanamume wa kilo 80 kila chupa huongeza takriban miligramu 30 kwenye mililita 100 za damu. Anywe nane kuanzia saa mbili usiku hadi saa sita, na ini liondoe miligramu 15 kwa saa. Anapolala bado ana 180. Saa kumi na mbili alfajiri, akiwa ameoga na kuvaa tai, ana 90. Na hiyo ni kwa ini la wastani. Lenye kuondoa 10 kwa saa litamwachia 140. Mwanamke wa uzito huo huo huwa na namba kubwa zaidi. Supu ya mifupa, kahawa na maji baridi huchangamsha mwili, ini haliharakishwi.

Ukishakamatwa, kirudishe mfukoni na ukisahau. Mahakamani hakina uzito: nani alipuliza, saa ngapi, na usahihi wake ulithibitishwa na nani? Tena ukimwonyesha afisa kioo kinachosoma 0.06 umekwisha kukiri kwamba umekunywa. Ibara ya 49 ya Katiba inakupa haki ya kunyamaza, itumie. Toa jina, leseni na kitambulisho kwa adabu, basi. Kunyamaza huku kuna sababu ya kisheria. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba mashtaka yafuate kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, na kifungu hicho kinazungumzia mtu aliyelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Kwa hiyo ulivyosimama, ulivyoongea na ulivyotukana vyote ni ushahidi.

Wakati wa kupulizia kifaa cha polisi, angalia mrija mpya ukitolewa kwenye pakiti. Soma namba, kipimo chake na saa, na uombe karatasi ya matokeo. Ukihisi pombe bado iko mdomoni, omba kipimo kirudiwe baada ya dakika 15, bila kueleza kwa nini. Ukitaka damu ipimwe na daktari, liseme mapema na uombe ombi hilo liandikwe kwenye OB, daftari la matukio la kituo cha polisi. Kila saa inayopita inafuta miligramu 15, na kesho yake hakuna cha kupima.

Kituoni, chukua namba ya OB, mpigie wakili na mtu wa nyumbani, kisha omba dhamana ya polisi. Sheria inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku isiyo ya mahakama, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa usiku anaweza kukaa seli hadi Jumatatu kwa kukosa aliyelipa dhamana. Pesa zisitolewe bila risiti, na risiti iandikwe jina la aliyelipa, maana ndiye atakayerudishiwa kesi ikiisha. Gari likibaki kituoni, piga picha kilomita na mikwaruzo yake. Atakayelichukua awe na leseni, na asiwe mmoja wa meza ile ile.

Kukiri kosa asubuhi ili mambo yaishe ni uamuzi wa mtu mwenye hangova. Adhabu ya kifungu cha 44 hufika faini ya shilingi 100,000, au kifungo cha miaka 2, au vyote viwili, na leseni nayo inaweza kufungiwa. Dereva wa teksi anayekiri bila wakili huenda anakiri kupoteza kazi. Wakili naye, chini ya Ibara ya 50, ataomba ushahidi wa upande wa mashtaka kabla ya kesi kusikilizwa, na cheti cha usahihi wa kifaa kiwe cha kwanza kwenye orodha.

Ukirudi dukani, nunua cha fyueli seli chenye mirija ya kubadilisha, kinachoonyesha namba tatu baada ya nukta au mikrogramu moja kwa moja. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kinapelekwa wapi kupimwa upya usahihi na kwa bei gani. Akisema hiki hakihitaji, mrudishie kisanduku chake.