GrapheneOS na /e/OS: Simu ya Faragha Ipi Inafaa Zaidi?

Anayetafuta simu isiyompeleleza hukutana mapema na majina mawili: GrapheneOS na /e/OS. Yote ni mifumo endeshi ya chanzo huria iliyojengwa juu ya Android, na yote huja bila programu za Google. Baada ya kuitumia yote miwili, naegemea GrapheneOS, hasa kwa jinsi inavyomrudishia mwenye simu uamuzi.

Tuseme unaweka kibodi mpya. Android ya kawaida haikuulizi kama kibodi hiyo iingie kwenye intaneti. GrapheneOS hukuuliza pale pale, na ukikataa, kibodi huendelea kuandika kana kwamba simu haina mtandao. Vivyo hivyo, programu ya ujumbe inayong'ang'ania kusoma namba zote ulizohifadhi unaweza kuionyesha namba mbili tatu tu, nayo ikaamini ndizo zote. Hata huduma za Google Play, ukizihitaji, huwekwa kama programu ya kawaida isiyo na mamlaka ya pekee, ilhali /e/OS hutegemea microG, mbadala wake wa chanzo huria, ambayo imepewa nafasi maalumu ndani ya mfumo.

Usalama nao ni sehemu ya faragha. Simu ya GrapheneOS isipofunguliwa kwa saa 18 hujizima na kuwaka upya, na hapo funguo za data zilizokuwa kwenye kumbukumbu hufutika, jambo linalomzuia sana aliyeiiba. Masasisho ya usalama hufika haraka, wakati kwa /e/OS huchelewa, na hilo kwangu ni kasoro nzito. Sifa ya /e/OS, ambayo siipuuzi, ni kwamba inakubali simu za aina nyingi, zikiwemo Fairphone na simu za zamani zilizokwisha kutelekezwa na watengenezaji.

GrapheneOS, kwa upande wake, hukubali Google Pixel pekee. Wanaolalamika kwamba humkimbii Google kwa kununua simu yake wana hoja, ingawa sababu ni za kiufundi: Pixel inaruhusu mfumo wa mtu mwingine kuwekwa, kisha simu kufungwa tena kwa ufunguo wa kidijitali wa mfumo huo, na kuanzia Pixel 8 ya mwaka 2023 imeahidiwa masasisho kwa miaka 7.

Linaloniudhi kweli ni baadhi ya programu za benki kugoma kufanya kazi kwa sababu mfumo haukuidhinishwa na Google, huku zikiikubali simu iliyokaa miaka bila sasisho lolote la usalama. Basi kabla ya kuhama, hakikisha programu ya benki yako inakubali, na usinunue Pixel iliyofungwa na kampuni ya simu, kwani nyingi za namna hiyo haziruhusu kubadilishwa mfumo.