Roboti mbili za kufyonza vumbi: ipi inafaa nyumba ya Kampala?

Kwa sisi wa Kyaliwajjala tunaokaa kando ya barabara ya udongo, ile namba ya nguvu ya kufyonza iliyoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi haisemi mengi. Nimetumia roboti mbili. Yangu ni ya bei nafuu: inakwenda mpaka igonge kitu, inageuka, inaendelea. Kuna kona inazirudia rudia na nyingine haizigusi kabisa. Ya pili ni ya shemeji, ina leza inayozunguka mgongoni. Hii huchora kwanza ramani ya nyumba, halafu inapita kwa mistari iliyonyooka kama mtu anayelima matuta. Hata gizani inafanya kazi, maana leza haihitaji taa. Ila kile kikofia cha leza kinaiongezea kimo, haiingii chini ya kochi letu. Yangu inaingia, na hutoka na soksi.

Mtihani ni umeme. Ukikatika, betri inaendelea kuiendesha, lakini kituo cha kuchajia kinazimika na hakitoi tena ile ishara ya kuiongoza. Ya shemeji inafika hadi mbele ya kituo kwa kufuata ramani, inahangaika pale, mbele, nyuma, mbele, mpaka chaji inaisha.

Halafu vumbi letu jekundu, laini kama nini sijui, linaziba chujio upesi. Nakung'uta kila mara. Chujio yangu inaruhusiwa kuoshwa (zipo zisizotakiwa kuona maji), lakini lazima ikauke kabisa, siku nzima, kabla ya kurudishwa. Wadogo zangu wakisukana rasta sebuleni, nyuzi zote zinajiviringisha kwenye brashi. Hapo ni mkasi tu.

Kupiga deki, sahau. Kitambaa kinalowa, kinakutana na vumbi, linakuwa tope, na roboti inakupelekea tope hilo hadi chumbani kwa heshima zote. Nyumbani kwetu deki bado ni ndoo na tambara.

Ningenunua leo, ningechukua ya leza bila deki. Pima kwanza nafasi chini ya kochi na kitanda, na hakikisha Wi-Fi yako ina masafa ya 2.4 GHz, kwani roboti nyingi hazikubali mengine. Muulize pia muuzaji kama brashi na chujio za akiba anazo dukani sasa hivi. Akijibu "zitakuja", mimi naondoka.